JPEG Haitoshi: Tunapogeuza Faili la Mchoro, Tunatupa Nini?

Mchoraji wa kidijitali akiwa na faili ambalo wenzake hawawezi kulifungua, ushauri anaopewa ni uleule: "Isevu JPEG, itume WhatsApp, kazi imeisha." Kwa bango la sherehe, sawa. Kwa utafiti, ushauri huo ni mbovu, na michoro ya miambani ya Kondoa, hapahapa mkoani Dodoma, inatuonyesha sababu.

Kwenye miamba ya Kolo na maeneo jirani, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, michoro imepandana. Kuna watu na wanyama wa rangi nyekundu, na mahali pengine juu yao kuna michoro minene ya rangi nyeupe. Kilicho juu kilichorwa baadaye. Kwa hiyo kujua kipi kimelalia kipi ni ushahidi wa umri, hata kabla hujapeleka chochote maabara.

Sasa chukulia mwanafunzi ananakili ukuta huo kwa kalamu ya kidijitali. Picha ya mwamba inakaa chini, nyekundu anaipa tabaka lake, nyeupe lake. Programu inahifadhi yote kwa muundo wake yenyewe: PSD ya Photoshop, .clip ya Clip Studio Paint, au .procreate ya kwenye iPad. Akigeuza kuwa JPEG, hasara ni mbili. Kwanza, matabaka yote yanakuwa moja. Kilichokuwa chini ya nyeupe hakipo tena. Pili, JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa taarifa, na kwa kawaida hutupa zaidi tofauti za rangi kuliko za mwanga, kwa kuwa macho yetu yako makali zaidi kwenye mwanga. Lakini mstari mwekundu uliofifia kwenye jiwe la kahawia unaonekana hasa kwa tofauti ya rangi! Yaani tunatupa kile kile tulichokifuata.

Utasema, basi tutumie PNG. Ni afadhali: inabana faili bila kutupa taarifa, na sehemu ambazo hazijachorwa zinabaki wazi. Ila nayo haitunzi matabaka.

Je, tubaki na faili la asili? Hapo unaiacha kazi yako nyuma ya mlango ambao ufunguo wake anao mwingine. Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa kwa mkono mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Miaka 32 ilipita, na nakala zake hazikuhitaji leseni ya mtu ili zionekane. Faili la .procreate la leo lina uhakika huo?

Njia ya kati ipo, inaitwa OpenRaster (.ora). Kwa ndani ni faili la ZIP tu: kila tabaka ni PNG, na kuna maandishi yanayoeleza mpangilio wao. Kutoka Procreate au Clip Studio, toa PSD kwanza, ifungue kwa Krita, programu ya bure, kagua tabaka moja moja, kisha hifadhi kama .ora. Hata programu zote zikifa, mtu atafungua ZIP na kuziona picha.

Nayo ina kasoro zake. Athari maalumu za Photoshop na maandishi yanayoharirika yanaweza yasivuke salama, kwa hiyo yageuze kuwa mchoro wa kawaida kabla ya kuhama. Na faili huwa zito, ndiyo maana unahitaji pia PNG moja ya kushirikisha wenzako. WhatsApp itume kama dokyumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa upya.

JPEG ni ya kuonyesha, si ya kutunza. Kabla hujafuta faili la asili, jiulize: miaka 32 ijayo, mwanafunzi wa Dodoma ataweza kujua kama nyekundu ndiyo iliyotangulia?