Gitaa Linanguruma kwa Kiswahili: Nimeisikia Sunburst, Jamani!

Jamani, jamani, jamani! Wewe unayesoma hapa, hebu acha hicho unachofanya. Kiache kwanza! Nimetoka kuisikiliza sasa hivi, masikio bado ya moto, magoti hayajatulia, na nisipomwambia mtu nitapasuka. Sunburst! Bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya sabini, bendi ya roki, roki kabisa, yenye gitaa kali, zito, chafu, tamu, linalokwaruza na kulia na kunguruma, halafu juu ya gitaa hilo mtu anaimba Kiswahili! Kazi zao za kuanzia 1973 mpaka 1976 zimekusanywa pamoja kwa jina la Ave Africa, na hapa Kasingirima, Ujiji, nimefungulia sabufa mpaka vioo vya dirisha vinaitikia. Na bado!

Ngoja nikwambie kuhusu hilo gitaa, maana ndilo lililonimaliza. Sisi watu wa Ujiji gitaa tunalijua, usitufundishe. Tumezaliwa nalo likivuka maji ya ziwa kutoka ng'ambo, Kongo: lile safi, laini, linalotiririka, la rumba na sebene mpaka kunakucha. Sasa sikia. Mpiga gitaa wa Sunburst, Hembi Flory Kongo, ni Mkongo, yaani ndugu yetu huyu, wa damu moja na nusu ya mtaa wetu! Anaanza kwa adabu zake zote, taratibu, kidogo kidogo, unasema aha, rumba hii, naijua. Mara linalipuka! Paaa! Kama mawese yanayochemka yakidondokewa na maji. Sauti inakuwa nene, ina moshi, ina mikwaruzo, inauma na kubembeleza kwa wakati mmoja, na nywele za mkononi zinasimama zenyewe. Aliyewahi kuonja bluzi za watu weusi wa Marekani, au aliyewahi kukaa na santuri za Jimi Hendrix na Carlos Santana, ataitambua papo hapo ile namna ya kuuvuta uzi wa gitaa, kuupinda, kuuacha ulie weee mpaka uchoke wenyewe. Tofauti ni kwamba huku analia Mbantu, na unaelewa analilia nini!

Na besi. Mungu wangu, ile besi! Huisikii masikioni, unaisikia tumboni, inatembea humo ndani polepole, ina kiburi, haina haraka na mtu. Kinanda nacho kinakuja kwa nyuma, kimejaa, kina joto, kinazunguka zunguka, halafu ngoma zinaingia, siyo ngoma za kizungu peke yake, ni ngoma zenye vumbi la uwanja wa kwetu, na hapo nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kusimama. Nilijikuta tu katikati ya chumba, kanga ya mke wangu begani, nacheza peke yangu mchana kweupe!

Banchikicha ulipoingia ndiyo nikapotea kabisa. Huo wimbo ni hatari. Ni ugonjwa. Nimeurudia, nikaurudia tena, nikaurudia mpaka mtoto wa jirani akaja mlangoni kuniuliza kama kifaa kimekwama. Nikamwambia ingia, keti, sikiliza. Akakaa. Hakuondoka! Halafu Simba Anguruma, halafu Enyi Vijana, na kila nilipodhani sasa watapumzika, wapi, wanakuja na mwingine, mzito zaidi, wa ajabu zaidi, na bado!

Mzee mmoja wa hapa mtaani, mtu wa bao na kahawa, mtu asiyesifia kitu ovyo, akasimama nje akiegemea fimbo. Akasikiliza. Kimya. Akauliza, "Hawa vijana ni wa Kalemie, kule Kongo?" Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu, ni bendi ya Dar es Salaam, tena ya zamani, ya enzi zako." Akakataa katakata! Akasema enzi zake anazijua yeye. Na mimi namwelewa, kwa sababu tukitaja bendi za enzi hizo tunataja NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, mabwana wakubwa wale, heshima yao ipo pale pale. Hawa wa roki hawatajwi. Nani aliwaficha hawa watu, jamani? Mimi namlaumu kila mtu.

Tena angalia mwaka waliojitokeza, utacheka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikawa kesi mitaani. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku! Sasa Sunburst walianzishwa lini? 1970! Hapo hapo, moshi haujatulia. Wakongo na Wabongo kwenye jukwaa moja, Hembi, James Mpungo, Kassim Magati na wenzao, wakachukua soul, wakachukua roki, wakavichovya kwenye ngoma za nyumbani, wakaimba Kiswahili, na mtindo wao wakauita Kitoto. Mjanja gani angewakamata? Ukisikiliza unausikia ule ujasiri, unasikia watu wanaojua wamebeba kitu cha moto na hawataki kukitua.

Nami niseme ukweli wangu, maana rafiki hadanganywi. Nyimbo za Kiingereza, kama Let's Live Together na Black Is Beautiful, ni nzuri, zina uchungu wake, utazipenda, lakini kwangu sauti inapungua meno kidogo. Wakirudi kwenye Kiswahili tu, meno yote yanarudi! Na mikwaruzo ya santuri kuukuu ipo hapa na pale. Mimi hata sikutaka iondolewe. Inanogesha. Inakufanya uwe mle ukumbini, jasho, giza, taa nyekundu, umati umeshikamana.

Halafu kuna hili, hili ndilo lililonigusa mimi mtu wa ziwani. Albamu yao yenyewe, Ave Africa, haikutoka Dar es Salaam. Ilitoka Zambia, 1976! Zambia, majirani zetu wa ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, kule kwenye bandari ya Mpulungu ambako meli yetu ya Liemba ilikuwa ikienda na kurudi na dagaa, mahindi na watu. Kwa hiyo gitaa la Mkongo, bendi ya Tanzania, albamu ya Zambia: nchi tatu zinazonywa maji ya ziwa hili moja, zote ndani ya sabufa yangu! Miaka arobaini ikapita, ndipo mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikazikusanya zote na kuzitoa upya. London! Watu wa huko wanacheza Kitoto, sisi tuliolala ufukweni hatuna habari. Inaniuma na inanifurahisha, sijui nishike lipi.

Basi sikia, ndugu yangu. Usiisikilize kwa spika ya simu, utaidhulumu, ile besi itakufa njiani. Azima sabufa, hata ya shemeji, hata ya kinyozi akishafunga. Isubiri jioni, migebuka ikiwa jikoni, upepo wa ziwa umeanza kuingia. Anza na Banchikicha, sauti juu, mlango wazi. Asipotokea hata jirani mmoja kukuuliza hao ni akina nani, njoo Kasingirima unidai muda wako. Nitakulipa kwa kukurudishia wimbo kuanzia mwanzo!