Mkono Ulio Nyuma ya Kitambaa

Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Moshono ina baridi ya kuingia mifupani. Mlima Meru umejifunika wingu kuanzia kiunoni. Mahindi yameshavunwa, yamebaki mabua mafupi, na kwenye kipande cha shamba ambacho bado hakijakatwa viwanja fundi baiskeli ameipindua Phoenix yake, tandiko chini, magurudumu juu. Tairi la nyuma amelivua, imebaki rimu tupu, na kwenye rimu amefunga ncha ya kamba nyembamba ya nailoni. Ncha ya pili iko mita 100 kutoka hapo. Imeshika kitambaa cheupe chenye urefu wa mkono, kipande cha shuka kuukuu. Mbwa wangu, Simba, anakitazama kitambaa hicho bila kupepesa.

Watu wengi wakija hapa humtazama mbwa. Nami nilianza hivyo. Siku hizi namtazama fundi, maana mbwa anakimbia kwa kuwa ameumbwa kukimbia, lakini kitambaa hakina uhai wowote isipokuwa ule kinaopewa na mkono wake.

Mchezo wenyewe si wa kwetu. Ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Lyle Gillette na wenzake waliokuwa wakifukuza sungura kwa mbwa wa mbio katika maeneo ya wazi. Senyenge ziliongezeka mashambani, na mbwa anayekimbia kwa kasi ile hauoni waya mpaka umemchana. Wakaamua kumwacha sungura. Wakatandika kamba ardhini, wakaipitisha kwenye makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, ili ikate kona kama mnyama anayeponyoka, wakaivuta kwa mota, na mahali pa sungura wakafunga mifuko myeupe ya plastiki. Mwaka 1972 walikuwa tayari na chama na kanuni zake. Mtu wa Moshono hahitaji hadithi hiyo ifafanuliwe. Hapa kila baada ya muda nguzo mpya zinasimama, waya unavutwa, na njia uliyopita na mbwa mwaka jana imekuwa ukuta wa mtu.

Mifuko ya plastiki tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fundi alianza na shuka. Lakini shuka ina kasoro yake, haitoi sauti. Mfuko ukiburutwa hutatarika, na mbwa hunyanyua masikio kabla hata macho hayajakamata kitu. Siku chache baadaye nilimkuta ameshonea maganda makavu ya mahindi kwenye pindo la kitambaa. Yanachakarika juu ya mabua kama kiumbe kinachotoroka. Hakunieleza alivyofikia hapo, na kwa kweli nilifurahi sana kwamba nilikiona mwenyewe.

Mashine yake ni hesabu ya shule ya msingi iliyofanywa vizuri. Gia ya mbele ina meno 48, ya nyuma 18. Mzunguko mmoja wa pedali huizungusha rimu mara mbili na zaidi ya nusu, na kila mzunguko wa rimu hiyo humeza karibu mita 2 za kamba. Akizungusha pedali mara mbili kwa sekunde, kitambaa kinakwenda zaidi kidogo ya mita 10 kwa sekunde. Huo ni mwendo ambao mbwa wa kienyeji mwenye afya anaufikia akijitahidi. Kwa Greyhound, mbwa wa mbio anayekaribia kilomita 70 kwa saa, mkono wa binadamu hautoshi, ndiyo maana wenzetu hutumia mota ya umeme, mara nyingi stata ya gari na betri yake ya volti 12.

Ila kasi ndiyo sehemu rahisi. Kazi yote imo katika nafasi iliyopo kati ya pua ya mbwa na kitambaa. Waendeshaji wazoefu hukiweka chambo kama mita 10 hadi 30 mbele ya mbwa anayeongoza. Kikiwa mbali zaidi, mbwa hukipoteza au hukata tamaa. Kikiwa karibu mno, hukirukia, na anaporukia kitu kinachovutwa na kamba anaweza kujikata ulimi au kujizonga miguu. Hatari ya kamba si ya kupuuza: nailoni iliyokazwa ikipita juu ya ngozi kwa kasi huunguza na kuchana, ya mbwa na ya mtu. Kwa hiyo watoto wa jirani wanasimama nyuma ya baiskeli, wala hawabembelezwi katika hilo.

Na ukishaacha kusukuma pedali, rimu haisimami. Inaendelea kuzunguka, kamba inalegea na kujisokota. Fundi ana kipande cha gunia kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unagusa rimu, unaachia, unagusa tena. Nimeutazama mkono huo wa kushoto asubuhi nyingi. Haubani hata siku moja. Unapapasa, na mita 60 mbele yake kitambaa kinasita kama sungura anayefikiria upande wa kukimbilia. Macho ya fundi hayako kwenye baiskeli, yako kwenye masikio ya mbwa. Masikio yakilala nyuma, mbwa ameamini. Yakianza kuinuka, shaka imemwingia, na papo hapo kitambaa kinasogezwa karibu, kinatikisika, mpaka imani irudi.

Simba aliamini siku ya kwanza. Ni mbwa wa kienyeji, masikio wima, mkia umejikunja nusu pete, wa aina ambayo watu hupita wakisema mbwa koko. Hapo kuna jambo ambalo msemaji wa Kiswahili anapaswa kulijua. Katika misitu ya Kongo wapo mbwa wadogo wasiobweka, ambao wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasipotee kwenye majani. Walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, wakapewa jina la Basenji, neno la hukohuko Kongo lililo ndugu wa neno letu washenzi. Mbwa huyo aliyebebeshwa jina la dharau leo anashindana katika mbio hizi kwa heshima ileile anayopewa Greyhound, au Saluki, yule mbwa wa Ghuba ambaye Mabedui humkaribisha hemani huku mbwa wengine wakilala nje. Sisemi Simba ni Basenji. Nasema jicho lake ni la ukoo wa kale wa wawindaji, na fundi alilitambua kabla yangu.

Mbwa wengine hutaka kufundishwa kuamini. Anakuja hapa mbwa wa Kijerumani kutoka Njiro, mlinzi wa geti, mkubwa, mtiifu. Siku ya kwanza alikimbia hatua kumi, akasimama, akageuka kumtazama mwenye mbwa. Tangu utoto amekatazwa kufukuza paka, kuku na pikipiki, sasa anaambiwa afukuze. Fundi hakumpeleka tena kwenye kamba ndefu. Alichukua ufito wa mita mbili, akafunga uzi na kitambaa, akacheza naye miduara midogo, dakika tatu tu, na akaficha kitambaa wakati mbwa bado anakitaka. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunaona mbwa anafurahi, tunaendelea mpaka achoke, na kesho yake anakumbuka uchovu.

Yupo na mwingine mdogo wa manyoya magumu, wa jamii ya teria, mwenye shida ya kinyume. Yeye hakimbii ili akimbie, anataka kuua. Lazima apewe kitambaa mwishoni akitikise mpaka aridhike, kisha kipande cha nyama kifanye kazi ya kumbembeleza akiachie. Ukimnyang'anya kwa nguvu umejitengenezea adui. Na mbwa mwenye akili ya kona, kama Ridgeback wa kusini mwa Afrika, akishapita njia mara tatu hukata mkato na kwenda kuvizia kitambaa kinapotokea. Dawa yake ni kuhamisha makapi kila siku. Fundi ametengeneza makapi yake kwa beringi za pikipiki zilizopigiliwa kwenye vigingi, na kwa mbwa wazito huweka kona pana, maana bega la kilo 40 halikati kona kama la kilo 15.

Marekani walipofungua jaribio kwa aina zote za mbwa mwaka 2011 waliyazingatia haya. Wadogo na wale wa pua fupi hukimbia yadi 300, yaani kama mita 274, na wengine yadi 600. Kila mmoja hukimbia peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kabla ya kutimiza miezi 12, kwa kuwa mifupa ya mbwa mchanga bado haijafunga. Fundi naye hushikilia sharti hilo, na lake la nyongeza: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza. Mbwa hali kabla ya mbio, na jua likishapanda juu ya migomba, tunafunga.

Mkono usio na subira umewahi kushindwa hata mbele ya mnyama mwenye kasi kuliko wote. Mwezi Desemba 1937, Kenneth Gandar-Dower aliwaleta duma kutoka Kenya kwenye uwanja wa mbwa wa Romford, karibu na London, wamfukuze sungura wa mashine. Kasi walikuwa nayo, ila hawakuwa na hamu ya kushindana: duma akiona mwenzake ametangulia, huona hakuna sababu ya kuendelea. Sungura yule alipita kwenye reli yake kwa mwendo uliopangwa, hakuwa na namna ya kumsubiri duma mwenye shaka. Na si kwamba duma hana mbio akiwa na hamu: mwaka 1965, huko Kenya, daktari wa mifugo Craig Sharp alimpima duma jike mmoja aliyefugwa, akikimbia nyuma ya gari, mita 201 kwa takriban sekunde 7. Kilomita 104 kwa saa.

Fundi ananiambia, "Mwachie, mwalimu."

Namwachia Simba. Kitambaa kinaruka, maganda yanachakarika, vumbi la kijivu linainuka kwenye mabua. Kwenye kapi la pili Simba anateleza, masikio yanainuka. Mkono wa kushoto unagusa gunia kwenye rimu. Kitambaa kinalala, kinatetemeka, kinasubiri kwa muda mfupi kuliko pumzi, halafu kinaponyoka tena, na masikio yanalala. Mita 15 kabla ya baiskeli fundi anashika rimu kwa kiganja kizima. Simba anakiangukia kitambaa, anakitikisa huku na huku, anakilalia.

Fundi anasubiri mbwa amalize furaha yake. Kisha anairudisha kamba shambani akitembea polepole, akiipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Penye nyuzi zilizochanika anasimama, anakata, anafunga upya, anavuta mara mbili kuhakikisha.

"Haya," anasema. "Mlete huyo wa Njiro."