Msaada Pembeni mwa Somo: Jaribio la New York na Hoja Yake kwa Gitega na Muyinga

Tangu mwaka 2005, ada ya shule za msingi ilipofutwa nchini Burundi na madarasa yakafurika watoto, walimu wa Gitega na Muyinga wamekuwa wakikabiliwa na suala moja zito: afanyiwe nini mwanafunzi aliyefika darasa la juu ilhali hana maarifa ambayo darasa lile linamdai? Taabu hiyo hujidhihirisha tangu mwaka wa 5 wa masomo, pale Kirundi, alichofundishiwa miaka 4, kinapokipisha Kifaransa, na aghalabu humwandama hata lise, ambako asiyefahamu lugha ya fizikia huhesabiwa kuwa hafahamu fizikia yenyewe.

Dawa iliyozoeleka ni kumrudisha nyuma: akariri mwaka, au, kama ilivyokuwa desturi katika vyuo vya jamii vya Marekani, asome kwanza masomo ya maandalizi yasiyohesabiwa katika shahada, ndipo apewe idhini ya kuingia somo lenyewe. Alexandra Logue, Mari Watanabe-Rose na Daniel Douglas, wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, waliipima dawa hiyo mwaka 2013, na njia waliyoifuata yastahili kuangaliwa kwa makini hata kuliko matokeo yake.

Waliwachukua wanafunzi 907 wa vyuo 3 vya jamii, ambao wote walikuwa wamehukumiwa kwamba wanahitaji aljebra ya awali, wakawagawa kwa kura katika makundi 3. La kwanza lilisoma aljebra hiyo kama ilivyo ada. La pili lilisoma aljebra ileile pamoja na kikao cha mazoezi cha saa 2 kila wiki. La tatu liliingizwa moja kwa moja katika somo la takwimu la ngazi ya chuo, nalo likiwa na kikao chake. Kura ndiyo roho ya jaribio, kwani lau wanafunzi wangeachiwa hiari, wenye bidii wangejikusanya upande mmoja, na bidii yao ikadhaniwa kuwa ni fadhila ya mafunzo. Zaidi ya hayo, walimu 12 walifundisha, kila mmoja, darasa moja la kila kundi, ili asiwepo wa kudai kwamba kundi fulani lilibahatika kupata mwalimu hodari.

Waliofaulu walikuwa asilimia 39 katika kundi la kwanza, 45 katika la pili, na 56 katika la tatu. Msomaji makini atatanabahi kwamba kundi la tatu lilibadilishiwa mambo mawili kwa pamoja, somo na msaada, na kwamba tafauti baina ya makundi mawili ya kwanza ni ndogo mno kujengewa hoja kubwa. Kwa hiyo hatuna haki ya kusema kwamba kikao peke yake ndicho kilichofanya kazi. Lakini jambo moja limethibiti: watu waliohukumiwa kuwa hawajawa tayari waliliweza somo la chuo, walipoingizwa humo wakiwa na msaada pembeni.

Lugha si aljebra, na lise ya Muyinga haina mali ya chuo cha New York. Ila njia hii haihitaji mali nyingi. Mudiri mwenye mikondo miwili aweza kupiga kura mbele ya wazazi: mkondo mmoja uanze na marudio ya sarufi ya Kifaransa, wa pili uingie katika fizikia tangu wiki ya kwanza, na kila Jumamosi wanafunzi waliotangulia wawafafanulie wadogo zao, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kurasa zilizosomwa wiki ile. Mwalimu awe mmoja, mtihani uwe mmoja, na karatasi zisahihishwe bila majina.

Tumezoea kumdai burhani anayeleta njia mpya, na kumwachia bila swali anayeagiza mtoto akariri mwaka. Insafu yataka wote wawili wadaiwe sawasawa, na huyu wa pili adaiwe kwanza, kwa kuwa mwaka wa mtoto ukishapotea hakuna awezaye kumlipa.