Amri Bila Kitabu: Kiswahili katika Shule za Uganda

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutekelezwa, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Udhaifu wa mfululizo huu haumo katika nia bali katika mpangilio: somo hulazimishwa kwa tamko, ilhali kitabu husubiri bajeti. Mtoto wa Mombasa aliyekosa kitabu bado hukisikia Kiswahili sokoni. Mwenzake wa Mbarara, anayezungumza Runyankore nyumbani, aghalabu hukutana nacho darasani tu. Kwake, kitabu ndicho mazingira ya lugha. Mtaala wa umahiri huzidisha hitaji hilo, kwa kuwa humtaka mwanafunzi atafiti na kubuni, si kukariri. Hivyo, fungu la vitabu si kiambatisho cha sera ya lugha. Ndilo sera yenyewe. Waraka unaolazimisha somo hauna budi kutaja pia idadi ya vitabu kwa kila mwanafunzi na fungu litakalovigharimia.