Mwanga wa Rangi ya Asali

Tuzo ya Concha de Oro ilipotangazwa kwenye tamasha la filamu la San Sebastián, Hispania, mwaka 1973, baadhi ya watazamaji walizomea na kupiga miguu sakafuni. Filamu iliyowaudhi ni El espíritu de la colmena, yaani Roho ya Mzinga wa Nyuki, ya Víctor Erice. Kabla ya hapo, baada ya onyesho la mwanzo, wapo waliompa mtayarishaji wake, Elías Querejeta, pole kama mtu aliyefiwa.

Sishangai. Filamu hii haina haraka, na mengi haiyatamki. Ni kijiji cha Hoyuelos, Castilla, yapata 1940. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha juzijuzi, na wazee wamefunga vinywa. Lori linaleta filamu ya Frankenstein, watoto wanabeba viti vyao hadi ukumbini. Miongoni mwao yumo Ana.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Erice hakumfundisha mtoto Ana Torrent, anayemwigiza Ana, namna ya kuogopa. Aliwaonyesha watoto filamu yenyewe, kisha mpigapicha Luis Cuadrado, kamera mkononi, akauvizia uso wake. Jitu la Frankenstein linapokutana na kibinti kando ya ziwa, macho ya Ana yanapanuka, mdomo unaachama, na mwili wote unavutwa mbele. Uso ule haukuigiza. Ni mtoto anayesadiki, nasi tumemkuta papo hapo. Kupata sekunde chache kama hizo kwahitaji fundi anayejua kutulia asiharibu.

Ufundi wa Cuadrado umeenea nyumba nzima ya akina Ana. Baba ni mfuga nyuki, na vioo vya madirisha vina umbo la masega. Mwanga wa jua ukipenya humo unageuka njano ya asali, ukilala juu ya nyuso za watu wasiosemezana. Mwanga huo peke yake unaeleza walivyofungiwa, wakati ambapo dikteta Franco alikuwa bado madarakani na maneno yalikuwa na bei. Cuadrado, aliyeupima hivyo, alikuwa mwenyewe anapofuka.

Baadaye mkimbizi aliyejificha zizini, ambaye Ana alimpelekea tufaha, anapigwa risasi usiku. Maiti yake inalazwa katika ukumbi uleule, chini ya skrini ileile iliyoonyesha Frankenstein.

Ukiipata, itazame usiku, umezima taa na simu. Usiulize inaelekea wapi. Mfuate Ana.