Giza Nalo Lina Sheria Yake

Kwa sisi tuliofundisha maisha yetu yote, kustaafu ni kuacha mshahara. Kazi yenyewe haikuachi. Jioni moja mwaka jana alinijia mwanafunzi wangu wa zamani wa chuo cha ualimu, ambaye sasa naye ni mwalimu anayekaribia kustaafu. Alibeba mfuko wenye kaunta buku tano zilizofungwa kwa kamba ya katani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, karibu ndani." Baada ya chai akaniambia kwamba ameandika riwaya, tena riwaya ya kutisha, ya nchi isiyokuwepo duniani, yenye uchawi, mazimwi na wafalme, aina ambayo vijana wetu huiona kwenye sinema zaidi kuliko vitabuni. Alitaka hukumu yangu. Kisha akaongeza, akicheka, bila kinyongo: "Ila safari hii, Mwalimu, usiniandikie 'Haya hayapo'."

Mimi nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Mwaka 1986 nililipa darasa lake insha yenye kichwa "Safari Niliyoifanya". Wenzake walikwenda Mwanza, Dodoma na harusini kwa shangazi zao. Yeye alikwenda kwenye gulio ambako waliokufa huja siku moja kwa mwezi kununua chumvi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni maneno hayo mawili, nikampa alama 31 kwa 100. Wakati ule niliamini kuwa kazi ya mwalimu katika taifa changa ni kuwafundisha watu kuyaona yaliyopo. Sikujiuliza kwa nini waliokufa watake chumvi. Leo ningeanzia hapo.

Kwa hiyo nilikuwa na deni, na mwenye deni la namna hii hushawishika kulilipa kwa sifa. Lakini sifa ya uongo ingekuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza. Nikazisoma kaunta buku zote tano kwa muda wa wiki tatu, penseli mkononi, kama mtu anayesahihisha mtihani ambao yeye mwenyewe aliwahi kuufeli.

Nchi aliyoibuni mwanafunzi wangu iko chini ya mlima, na jua haliingii. Ina wafalme saba, na kila mfalme ana ukoo wake ulioandikwa hadi babu wa tisa. Ina ramani iliyopakwa rangi kwa penseli, yenye mito, mapango na ngome. Ina mazimwi ya aina nne. Shujaa ni kijana yatima anayetafuta upanga. Kila anapozingirwa, huokota hirizi, au hutokea mzee mwenye ndevu akamnong'oneza neno la kufungua mlango. Nilipofika mwisho wa kaunta buku ya pili niligundua kwamba siogopi chochote. Mazimwi yalikuwa mengi na damu ilikuwa nyingi, lakini sikuwa na hofu, kwa sababu katika nchi ile hapakuwa na kitu chenye bei. Uchawi ulipatikana bure kama maji ya mvua.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kuwafundisha wanachuo wangu: nchi ya kubuni, hasa nchi ya giza, husimama juu ya nini? Wengi hudhani inasimama juu ya wingi wa mambo ya ajabu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba inasimama juu ya sheria, tena pengine sheria moja tu, ambayo wenyeji wanaitii na ambayo kuna mtu anaumia kwa ajili yake. Msuko wa hadithi ni yale yanayotokea pale mtu mmoja anaposhindwa kuendelea kuitii. Ramani, koo za wafalme na mazimwi ni samani za nyumba. Nyumba haijengwi kwa samani.

Tuanze na vitabu tulivyokulia. Shaaban Robert aliichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi yake inaning'inia angani, lakini hakupoteza kurasa nyingi kutueleza imening'inizwa na nini. Alitupa jambo moja tu: katika nchi hii, mjumbe anayetumwa mbali kutafuta mema na kurudi nayo nyumbani, hutiwa gerezani. Wametumwa sita, wa pande nne za dunia, wa mbinguni na wa ardhini, na wote sita yamewapata hayohayo. Karama anaposhtakiwa na Majivuno, anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Tazama uhodari wa mjenzi. Sheria ya nchi ndiyo iliyozaa kesi, kesi ndiyo iliyozaa masimulizi, na masimulizi ndiyo yanayoihukumu sheria. Hakuna tofali la ziada.

Hata hivyo, kwa heshima zote ninazompa mzee wetu yule, Kusadikika haitishi. Majina yenyewe yameshatoa hukumu kabla ya mahakama. Mtu aitwaye Majivuno hawezi kuamka asubuhi akiwa na mashaka, wala hawezi kwenda gerezani usiku kuwapelekea wafungwa maji kwa siri. Tunajua mapema nani ataaibika. Shaaban Robert alitaka kutufundisha, naye alitufundisha, wala simlaumu kwa kutotutia hofu ambayo hakuikusudia. Lakini anayetaka kuandika riwaya ya giza hawezi kuishia hapo. Ni lazima watunzaji wa sheria mbaya wawe watu tunaoweza kuwapenda.

Kwa upande huo sijaona mfano bora kuliko kitabu cha mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, kiitwacho The Tombs of Atuan, kilichotoka mwaka 1971. Ni kitabu chembamba, na maduka mengi yalikiweka kwenye rafu ya watoto. Binti mdogo, Tenar, anachukuliwa kwa wazazi wake kwa sababu alizaliwa usiku ule kuhani mkuu wa makaburi alipofariki, hivyo husemwa kuwa ni kuhani yuleyule aliyerudi. Ananyang'anywa jina lake na kuitwa Aliyeliwa. Chini ya makaburi kuna pango na njia za mzunguko zisizo na mwisho, na pangoni mle sheria ni moja: taa haiwashwi. Binti anajifunza njia kwa kupapasa kuta na kuhesabu pembe. Anakuwa hodari wa giza, na anajivunia uhodari wake. Wafungwa watatu wanaletwa wauawe, naye, akiwa bado msichana, ndiye anayetoa amri wafe kwa njaa na kiu. Hatoi amri hiyo kwa uovu, bali kwa kuwa ndiyo kazi aliyofundishwa, naye anataka kuifanya vizuri.

Kisha siku moja anaingia pangoni na kukuta mwanga. Mtu mgeni, mchawi aitwaye Ged, amewasha fimbo yake. Na binti, aliyepita humo mara nyingi, kwa mara ya kwanza anaona mahali pale palivyo, na kwamba ni pazuri. Sheria inasema mgeni afe. Kuanzia hapo kitabu kizima ni swali moja tu: je, atamwua? Hakuna vita wala jeshi. Mwandishi alijenga sheria moja, akamfanya binti mpole kuwa mtunzaji wake, kisha akawasha taa.

Nilipoifunga kurasa ile nilikaa kimya muda mrefu. Nilikumbuka kalamu yangu nyekundu. Mimi pia nilikuwa hodari wa pango langu, na nilipoona mwanga wa mtu mwingine nilifanya kama nilivyofundishwa.

Sisemi kwamba kila riwaya ya namna hii lazima iende kwa mstari ulionyooka. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, aliuvunja msuko wenyewe, akatuacha tutangetange ndani ya ulimwengu ambao wakati na mahali havishikiki. Wakati ule baadhi yetu tulinung'unika. Lakini Kezilahabi alikuwa ameshaandika riwaya zilizonyooka, kama Rosa Mistika ya mwaka 1971, kabla hajaamua kuipinda njia. Aliivunja nyumba akijua kila nguzo ilikuwa imesimama wapi. Hilo ni tofauti na kujenga nyumba isiyo na nguzo.

Nirudi sasa kwenye kaunta buku ya tatu, maana humo nilikuta kitu. Shujaa wetu, akiwa safarini kwenda kutafuta upanga, anapita kwenye kisima. Hapo yuko mama mzee anayegawa maji, naye hapokei fedha. Anayeteka ndoo moja anaacha kumbukumbu moja. Watu wa kijiji kile huanza kwa kutoa kumbukumbu ndogondogo: mvua fulani, ngoma fulani, jina la mbwa. Wakiishiwa hizo, hutoa kubwa. Yuko mwanamke mmoja ambaye mtoto wake mchanga ana homa na anahitaji maji, naye amebakiwa na kumbukumbu moja tu ya thamani, ya mtoto wake wa kwanza aliyefariki. Anaitoa. Anajitwika ndoo na kurudi nyumbani akiimba, kwa sababu hajui tena kama ana la kumhuzunisha.

Kurasa tatu tu! Baada ya hapo shujaa anapiga hatua, mazimwi yanatokea, na kisima hakitajwi tena hadi mwisho wa kaunta buku ya tano. Msomaji, mimi nililia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lile zimwi la kisimani ni jirani, linawajua watu wake, na ndiyo maana haliwamalizi. Linawaacha wakiwa hai, wakirudi kesho na ndoo zao. Hiyo ndiyo hofu niliyoikosa katika vita vyote vya wafalme saba.

Mwanafunzi wangu aliporudi nilimwambia hivyohivyo, bila kuzungusha maneno. Nilimwambia riwaya yake haijaandikwa bado, ila mlango wake ameupata, akaupita. Nikampa maswali badala ya alama. Nani alichimba kisima kile? Kumbukumbu zilizotolewa huwekwa wapi, na nani ananufaika nazo? Yule mama mzee yeye mwenyewe alitoa nini hata akapewa kazi ile? Kijana asiyetambuliwa na wazazi wake humwita nani baba? Na kama mtu akitaka kununua tena alichokitoa, bei yake ni ipi? Nilimwambia akiyajibu maswali hayo kwa uaminifu, msuko utakuja wenyewe, na huenda upanga usihitajike.

Hakufurahi. Alikuwa ameifanyia kazi nchi ile kwa miaka kumi na moja, na mimi nilikuwa namwomba aache karibu yote kwa ajili ya kurasa tatu. Alikaa akiviringisha ile kamba ya katani kidoleni. Aliniuliza kama wafalme saba wote waondoke. Nikasema abakize mmoja, yule anayemiliki kisima. Aliniuliza pia afanye nini na ramani, maana ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Nikamjibu aitunze, kwa kuwa Le Guin naye alianza visiwa vyake kwa kuchora ramani.

Tukaikunjua mezani, tukasogeza vikombe, tukaitazama pamoja, mito, mapango na ngome zake zote. Tulitafuta kwa muda. Kisima hakikuwepo. Alinitazama, akaniomba penseli.