Kuambukiza na Kuambukizana: Mhusika wa Sheria na Mhusika wa Tamthilia ya Orodha

Wahakiki wa fasihi yetu ya UKIMWI wamezoea kuuliza kazi fulani inatoa funzo gani. Katika makala haya tunauliza swali jingine: ni nani anayepewa nafasi ya mtenda? Swali hili ni la kisarufi kabla ya kuwa la kimaadili. Kitenzi "kuambukiza" kinadai kiima na shamirisho; yupo aliyetenda na yupo aliyetendwa. "Kuambukizana" huwaweka wote upande mmoja wa kitenzi. Sheria ya Kenya imechagua umbo la kwanza, na uchaguzi huo una bei yake.

Tunakusudia kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Na kisomwe kama matini nyingine yoyote. Kichwa chake chataja uambukizaji wa makusudi, na mwanzoni kinamtaka mshtakiwa awe anajua kwamba ana virusi, tena awe ametenda kwa nia na kwa hiari. Papo hapo kinaongeza kwamba hatia yaweza kumpata hata kwa tendo ambalo alipaswa tu kujua kuwa huenda likaambukiza, na hata kwa kuliruhusu tendo hilo litendeke. Hivyo mhusika wake ni mwovu aliyepanga na mzembe asiyefikiri. Tena ni mtenda na ni yule aliyetendewa akanyamaza. Mtunzi wa riwaya akituletea mhusika wa namna hii tungemrudishia mswada. Adhabu haina utata huo: kifungo kisichopungua miaka 15, nacho chaweza kuwa cha maisha. Ndoa haimwokoi mtu.

Sasa mhusika huyo na apelekwe Magunga, mji mdogo wa Gwassi usio mbali na Ziwa Victoria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay, na asilimia 13 ya wale wa Migori, walikuwa wakiishi na virusi, ilhali kiwango cha Kenya nzima kilikuwa asilimia 4.9. Katika fuo za ziwa hilo watafiti wameeleza mara nyingi desturi ya jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hupewa samaki kwa sharti la kulala na mvuvi. Katika mapatano hayo, nani ameambukiza na nani ameruhusu? Aidha, mara nyingi mwanamke ndiye wa kwanza kuijua hali yake, kwa kuwa hupimwa anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Kwa vile sheria yajengwa juu ya ujuzi, anayejua kwanza ndiye anayeshtakika kwanza, na anayekikimbia kipimo hubaki salama. Hapa ndipo sarufi inapogusa haki za binadamu: haki ya faragha, haki ya usawa, na haki ya kutibiwa bila hofu. Kifungu hakisemi lolote kuhusu dawa pia, ingawa leo yajulikana kwamba mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa kwa dawa hata visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana.

Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Machi 2015, ilifanya kazi inayofanana sana na yetu. Kifungu hicho kilimtaka mwenye virusi awajulishe wale anaoshiriki nao ngono. Majaji waliona kwamba istilahi iliyotumiwa kuwataja watu hao haikufafanuliwa, na kwamba faragha inayolindwa na ibara ya 31 ya Katiba ilivunjwa. Kifungu cha 26 kilipingwa kwa ombi la mwaka 2018, lakini kingali na nguvu.

Isidhaniwe kwamba Bunge ndilo lililovumbua msako wa mkosaji. Katika jamii ya Waluo, kukonda kwa mgonjwa kulifasiriwa kuwa chira, yaani matokeo ya kuvunja mwiko, na swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyeuvunja.

Ni dhidi ya swali hilo tamthilia ya Steve Reynolds, Orodha, iliyotoka mwaka uleule wa 2006, inapopata nguvu. Furaha amefariki kwa UKIMWI na ameacha barua isomwe mazishini mwake. Wanaume waliowahi kuhusiana naye wanahaha, kwa kuamini kwamba orodha iliyomo ni ya majina yao. Barua inaposomwa hakuna jina hata moja. Yametajwa mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Kwa mbinu hiyo mtunzi anainyima hadhira mshtakiwa iliyekuwa ikimngoja, jambo ambalo watunga sheria hawakuthubutu.

Hata hivyo hatukubaliani na wahakiki wanaoisifu orodha hiyo bila kuipima. Kwa sehemu kubwa ni orodha ya maadili na maarifa, na maadili humdai mtu mmoja mmoja, kama sheria inavyomdai. Mchuuzi wa omena wa Gwassi angetafuta humo mtumbwi na nyavu asivione. Huko Nduru, katika Kaunti ya Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao wenyewe ili waachane na jaboya. Mafuriko ya 2020 yakauvamia ufuo huo. Tamthilia ya Kiswahili juu ya wanawake hao hatujaiona.